Taa ya Mwisho ya Pawabenki

Malishoni, Ak-Moinok
11 Juni 2018

Kaka Ermek,

Pokea salamu za wote wa hema letu, wa miguu miwili na wa miguu minne. Babu mzima, mgongo wake tu unalalamika asubuhi. Bibi mzima, anasema mgonjwa ni wewe maana jeshi halijui kupika. Farasi majike saba wamezaa. Mmoja kazaa mtoto mwenye uso mweupe, na Babu kampa jina la Kuruta, kwa heshima yako. Mimi sijambo.

Tulipanda huku tarehe 28 Mei. Siku ya kuhama nilifanya ulivyonifundisha: paneli ya sola nikaifunga juu ya mizigo ya yule farasi mzee, waya ukaingia mkobani, na pawabenki, betri yetu ya akiba, ikakaa ndani. Tulitembea saa saba. Kila tukipinda kona jua linahama upande, nami nashuka kuigeuza paneli. Babu akacheka: "Wenzetu wanahama na mifugo, mjukuu wangu anahama na jua." Tulipofika pawabenki ilikuwa inawaka taa tatu kati ya nne.

Bibi ameshatoa sheria. Chaji ni ya simu kwanza, kisha taa ya hema, kisha redio ya Babu, na "hicho kidude chenu" cha gemu kinakula makombo. Simu tunaizima siku zote. Mtandao haupo hapa chini, unapatikana kule juu kwenye jiwe jeusi tu, saa nzima kwa farasi, na ukifika lazima usimame upande mmoja wa jiwe. Ukisogea hatua mbili umeukosa.

Kuna jambo sikukwambia ulipoondoka. Uliponipa ile mashine ya gemu nilisema "asante" nikiangalia viatu, na wewe ukadhani sijafurahi. Nilifurahi mpaka sauti ikakwama. Humo ndani nina shamba, nina kuku kumi na wawili, na watu wa kile kijiji wananisalimu nami nawaitikia bila viganja kutoka jasho. Hakuna anayeniambia "ongeza sauti, msichana, hatukusikii."

Mjomba Suyun wa lori la maziwa ataichukua barua hii kesho. Anapita kila baada ya siku kumi, mto ukimruhusu.

Bibi macho yake hayaoni mstari tena, anataka niandike maneno yake kama yanavyotoka. Anasema: "Ermek, we kichwa cha kondoo, kula. Ukirudi umekonda nitakufungia zizini na watoto wa farasi, unyonye nao."

Mdogo wako,
Begayim


Kituo cha mpakani
29 Juni 2018

Begayim,

Anayekusalimu ni askari mwenye malengelenge mawili na kofia kubwa kuliko kichwa. Wape Babu na Bibi mikono yangu yote miwili. Kuruta mwenzangu mpe sukari kidogo, mwambie akazane, huku hakuna anayenyonya.

Barua yako ilifika ikinuka maziwa. Wenzangu wakainusa kwa zamu, wajinga hawa. Daniyar wa Talas akaniuliza, "Dada yako anaandika au anakamua?" Nikamwambia anafanya vyote viwili vizuri kuliko wewe. Simu zetu zimo kwenye sanduku la bati la kapteni, tutaziona siku ya kumaliza mwaka. Kwa hiyo niandikie.

Sasa sikiliza mambo ya chaji, na usisome haraka haraka. Mashine isikauke kabisa. Betri yake ikikaa kwenye sifuri miezi miwili haiamki tena, nami niliinunua kwa miezi mitatu ya kubeba mizigo sokoni Dordoi. Ichaji hata kama huchezi, isishuke chini ya nusu. Paneli ndiyo ikae juani, mashine na pawabenki zifunike kwa kitambaa, joto linaziua. Usiku ziingize ndani ya blanketi, baridi inakunywa chaji kama ng'ombe anavyokunywa maji. Waya usiukunje kwenye shingo, hapo ndipo unapokatikia. Paneli ifute vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, siyo kwa mkono wenye mafuta. Mwisho, ile pawabenki ni ya zamani na taa zake zinadanganya: ikionyesha mbili hesabu moja, ikionyesha moja hesabu huna kitu.

Bibi asibebe ndoo.

Kaka yako,
Ermek


Ak-Moinok
20 Julai 2018

Kaka Ermek,

Salamu. Barua yako ilifika tarehe 14, Mjomba Suyun alikuwa ameiweka ndani ya kofia isilowe. Babu anauliza kama mnavishwa viatu vya kiume au vya mapambo. Jibini kavu tumekausha mifuko miwili, mmoja ni wako. Mbwa mwitu walipita wiki iliyopita, wakachukua kondoo mmoja wa jirani yetu Mzee Turdakun, sisi hawakutugusa.

Nimefuata yote uliyoandika. Mashine haijashuka chini ya nusu. Ila kuichaji na kuicheza ni vitu viwili, na mimi nafanya vyote viwili. Ninapowachunga watoto wa farasi kule bondeni naitoa kidogo. Jana Bibi alinikuta. Sikumsikia akija.

"Unachunga nini humo?" akauliza.

"Kuku, Bibi."

"Kuku! Farasi wako hapa wanakwenda kwa jirani, wewe unachunga kuku wasiotaga!" Halafu akaketi kando yangu, akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akaangalia kitambo, haoni vizuri lakini akaangalia. "Kijiji kizuri," akasema. "Hakina mavi."

Alikaa muda mrefu kabla ya kusimama. Siku hizi akitoka hemani kwenda zizini anasimama katikati ya njia, anajifanya anaangalia mawingu. Nikimuuliza anasema mvua inakuja. Wakati mwingine mbinguni hakuna hata wingu moja.

Kwa Mzee Turdakun wamejaa watu, wajukuu wake wote wamepanda kutoka mjini, wana gari na muziki. Bibi alinituma niwapelekee kumisi, maziwa machachu ya farasi wetu. Nilifika nikasimama mlangoni na kile chombo, maneno yote ya salamu nimeyapanga kichwani, hakuna hata moja lililotoka. Mvulana mmoja, Adilet, akasema, "Huyu ndiye yule bubu wa Bibi Batma?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, labda anachaji." Nikaweka chombo chini nikaondoka. Kaka, sitarudi pale, hata hema letu liungue.

Maneno ya Bibi: "Mwambie huyo mkia wa mbuzi kwamba ndoo nitabeba mpaka aje aibebe yeye. Na aniletee kofia ya jeshi, nimvishe beberu."

Begayim


Kituo cha mpakani
8 Agosti 2018

Begayim,

Salamu kwenu nyote, na pongezi kwa mifuko miwili ya jibini. Babu mwambie viatu ni vya kiume, ila miguu iliyomo inalia kama ya mtoto. Daniyar kaugua tumbo, kapona. Tunalinda mawe na upepo, na mawe hayajajaribu kutoroka.

Hao wa Turdakun wapuuze. Siku moja utawaambia neno moja tu watanyamaza wote.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ya jambo moja. Bibi anaangalia mawingu tangu lini? Usiniandikie utani. Mwambie Babu amshushe kliniki, wasisubiri kuhama. Waambie ni mimi niliyesema. Na simu iwe na chaji kila siku, wala usiizime.

Ermek


Kijijini, Kyzyl-Dobo
2 Septemba 2018

Kaka Ermek,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mwaka huu tumeshuka mapema, mvua ilizidi huko juu. Babu mzima, anatengeneza paa la zizi. Kuruta amekuwa mkubwa, anapiga mateke. Shule imefunguliwa jana, nimekaa dawati la nyuma dirishani. Mwalimu wa Kirusi kanisifu kwa maandishi, kisha akaniambia nisome kwa sauti, nikasoma mistari miwili.

Barua yako ya tarehe 8 Agosti ilichelewa kidogo. Bibi alipelekwa kliniki. Sasa anapumzika.

Maneno yake kwako: "Mjukuu wangu mpendwa, jitunze, uwatii wakubwa wako. Nakuombea."

Mdogo wako,
Begayim


2 Septemba, usiku uleule. Ukurasa huu sikuutuma.

Kaka,

Bibi hayupo. Alifariki tarehe 14 Agosti, tukamzika tarehe 16 kando ya baba na mama. Barua yako ya kusema apelekwe kliniki ilifika tarehe 20. Babu aliniambia niisome, nikaisoma, akainuka akaenda zizini na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Wazee walikaa juu ya suala lako siku ileile ya mazishi. Mzee Turdakun alisema, "Mvulana yuko mpakani, ana bunduki mkononi. Mtu wa namna hiyo hapewi msiba kwenye karatasi." Babu akaitikia. Unajua wewe mwenyewe jinsi msiba unavyosemwa kwetu: wazee wanakufuata ulipo, wanakukalisha katikati, mmoja kushoto na mmoja kulia, kisha mkubwa wao ndiye anayetamka, na mikono iko tayari kukushika. Wamesema utaambiwa hivyo ukipata likizo. Mpaka hapo niendelee kuandika kama kawaida.

"Na maneno yake mwishoni?" nikamuuliza Babu.

"Yaandike," akasema bila kunitazama. "Wewe ndiye unayeyajua."

Siyajui. Nilikaa na kalamu saa nzima, tusi moja halikuja. Kumtungia Bibi tusi na yeye yuko ardhini, mkono ulikataa.

Kuna jambo jingine, na hilo hata wazee hawalijui. Sijaweza kuliandika hata hapa, na hapa hapasomwi na mtu.


Kituo cha mpakani
24 Septemba 2018

Begayim,

Salamu zangu kwa Babu. Salamu zangu kwa Bibi. Hali yangu nzuri, baridi imeanza, tumepewa makoti yanayonuka panya.

Nimefurahi umeanza shule. Soma mistari mitatu safari ijayo.

Bibi safari hii hakunitukana. Miaka kumi na tisa hajawahi kuniita mjukuu wangu mpendwa, hata nilipovunjika mkono. Nimemuonyesha Daniyar, naye kasema labda amezeeka, wazee huwa wanalainika.

Nilitaka kukuuliza kitu, nimekiandika na kukikata, unaona mwenyewe hapo juu pamechafuka. Kama jibu lake ni baya usinijibu. Niandikie habari za mvua, nitaelewa.

Ermek


Kyzyl-Dobo
14 Oktoba 2018

Kaka Ermek,

Babu mzima. Paa la zizi limekwisha. Theluji ya kwanza imeanguka juu, huku chini bado.

Mvua haijanyesha tangu Septemba, kwa hiyo sina habari za mvua za kukuandikia. Hii nimeiandika kwanza kwa Kirusi. Kwa Kirusi ilikuwa kama insha ya shule, sentensi zikaja zenyewe, nikaona hata aibu jinsi zilivyonyooka. Nikaichana. Sasa naiandika kwa lugha ya nyumbani, na imenichukua siku nne. Babu hajui. Wazee wakijua watasema nimekutendea ukatili, na labda ni kweli. Tafadhali, kama uko peke yako, usiendelee. Mwite Daniyar kwanza akae karibu.

Bibi alifariki tarehe 14 Agosti.

Nakusimulia siku hiyo yote, kwa sababu wengine wote wanaijua nusu yake.

Ilikuwa siku ya tatu ya mvua. Jua halikutoka hata dakika moja, paneli ilikuwa kama ubao. Babu alikuwa ameshuka bonde la pili kumtafuta farasi aliyepotea. Asubuhi pawabenki ilionyesha taa mbili. Simu ilikuwa na asilimia nne. Nilijua inapaswa kuchomekwa simu. Nilikuwa nimeishika mkononi, waya huku na pawabenki huku, nikasema mvua itaacha mchana na jua litatoka. Nikaichomeka mashine. Nikaenda nayo bondeni na watoto wa farasi, nikajifunika koti la mvua, nikacheza. Kulikuwa na sikukuu ya mavuno kwenye kile kijiji, watu wote wamekuja uwanjani, na nilitaka kuwa pale. Ulisema mashine isikauke. Usije ukasema ni wewe uliyenituma. Ulisema niichaji, hukusema niicheze mpaka pawabenki ibaki na taa moja, na ile moja ikaanza kupepesa.

Niliporudi Bibi alikuwa ameketi chini katikati ya hema na zizi, ndoo iko kando, maziwa yamemwagika yote. Ameshika kifua. Akasema, "Acha kunitazama hivyo, niinue." Nikamwingiza ndani, nikamlaza. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu. Akasema, "Nenda kaite watu."

Sasa ndipo penye jambo lenyewe. Unaijua njia panda pale chini ya hema. Kushoto ni kwa Mzee Turdakun, nusu saa, na wana gari. Kulia ni jiwe jeusi, saa nzima, na pale unampigia simu Mjomba Suyun ambaye yuko mbali mara tatu. Mtu yeyote angekwenda kushoto. Mtoto wa miaka mitano angekwenda kushoto. Mimi nilisimama pale na farasi anazunguka chini yangu, nikawaza wale watu wote mle hemani watanigeukia, Adilet na wenzake, na mimi mlangoni na mdomo wazi. Nikageuza kulia. Nilijiambia simu itafanya kazi. Niliichomeka kwenye pawabenki ndani ya koti, nikaikumbatia ipate joto huku napanda, nikihesabu kwamba kwa saa nzima ya safari itaingiza hata asilimia kumi. Nilijua ulichoandika kuhusu ile taa moja. Nilikuwa nakijua kwa kichwa.

Nilipofika juu pawabenki ilikuwa imezimika, sijui tangu lini. Simu ilikuwa na asilimia mbili. Ikashika mtandao, ikaita, Mjomba Suyun akapokea. "Haloo? Nani mwenzangu?" Na mimi, Kaka, nikasita. Sauti haikutoka palepale, kama siku zote. Akasema tena, "Nani? Ongea!" Nikasema, "Mimi," na simu ikafa.

Nikashuka mbio mpaka kwa Turdakun. Nililowa mpaka mifupani. Walikuwa wanakula. Wote wakanigeukia kama nilivyojua watanigeukia, na nikasimama mlangoni kama nilivyojua nitasimama. Adilet ndiye aliyeinuka. "Una nini? Ni nani?" Nikasema, "Bibi." Neno moja. Akatupa bakuli akakimbilia gari, na hakuna aliyecheka, walikuwa watu wema siku zote na mimi sikujua.

Bibi alifia garini, tukivuka daraja kwenda kliniki, kichwa chake mapajani kwangu. Aliniuliza kama nimewafunga watoto wa farasi. Nikasema nimewafunga. Sikuwa nimewafunga. Hakusema kitu kingine.

Daktari kule kliniki alimwambia Babu kwamba kama angefika saa moja na nusu mapema, huenda. Alisema huenda tu. Saa moja na nusu ndiyo hesabu yangu ya kwenda jiweni na kurudi.

Wote wanasema ni mvua. Kila aliyekuja msibani alisikia habari hiyo: binti alikimbia mpaka jiweni, maskini, jua halikutoka siku tatu, simu haikuwa na chaji. Wananishika kichwa wananipa pole. Babu ananiambia kila mara, "Si kosa lako, mwanangu, ni jua lililotunyima." Naye ananikatia nyama ya kwanza. Nimemwacha alilaumu jua.

Na msibani sikulia. Nilikaa na wanawake ndani ya hema, uso ukutani kama desturi, na kila wageni walipotokea wakilia kwa sauti nje, wanawake wakawaitikia kwa maombolezo, mimi nikafungua mdomo bila sauti. Shangazi alinifinya ubavuni, "Lia, watu wanasikiliza, yeye ndiye aliyekulea." Walidhani ni haya zangu. Haikuwa haya. Niliona sina haki.

Mashine sijaigusa tangu siku ile. Imekauka. Betri yake itakuwa imekufa, nisamehe na hilo.

Sasa niambie wewe. Ni mimi? Wengine siwezi kuwauliza, kwa kuwa wote wataniambia hapana kabla sijamaliza swali.

Begayim


Kituo cha mpakani
21 Novemba 2018

Begayim,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa nimeandika nyingine nne, zote zimekwenda jikoni kuwashia moto.

Sikumwita Daniyar. Niliona neno la kwamba nimwite, nikajua papo hapo, na mtu akishajua hawezi tena kusubiri. Niliisomea nyuma ya ghala la kuni. Sasa nimeelewa kwa nini wazee wanakwenda wawili wawili. Ukiwa peke yako huna mahali pa kuangukia. Nilisimama na zile karatasi, nikarudi lindoni, nikasimama lindo langu lote saa nne, nikatoka nikala. Jioni Daniyar akaniuliza kitu kuhusu sabuni na sikuweza kukumbuka sabuni ni nini.

Akaenda kumwambia Sajenti Toktosun. Ni mzee wa Naryn, ana wajukuu, tulikuwa tunamcheka kwa kikohozi chake. Alinipokonya barua, akaisoma mstari mmoja tu ule wa tarehe 14 Agosti, akairudisha bila kuendelea. Akawaita vijana wa chumba chetu. Akanikalisha kitandani, Daniyar kushoto, mwingine kulia, akavua kofia. Akasema, "Ermek, mwanangu, farasi mwenye kwato nne huanguka, na mwanadamu aliyezaliwa hufa. Bibi yako Batma amekwenda. Jikaze." Nilikuwa najua tayari, nimejua tangu asubuhi, nimejua tangu Septemba, na bado niliposikia kwa mdomo wa mtu mzima nikaanguka, na mikono ikanishika.

Kwa hiyo usijilaumu kwamba uliniambia. Ulinifikishia wewe, na yeye akamaliza.

Sasa swali lako.

Nilikukasirikia. Naandika hivyo kwa kuwa na wewe uliniandikia kweli. Siku nyingi nilikuwa nikifumba macho naiona ile njia panda, nakuona unageuza farasi kulia, na mimi napiga kelele na hunisikii. Bado naiona. Leo kidogo kuliko jana.

Kisha nikakumbuka barua yangu ya Juni. Nimeipanga kichwani mstari kwa mstari, maana lindoni hakuna kazi nyingine. Nilikuandikia mistari kumi kuhusu betri. Joto, baridi, vumbi, shingo ya waya. Kuhusu Bibi niliandika maneno matatu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano na ulikuwa unaushika ule mlima peke yako, na mimi nilichokukabidhi kwa uangalifu kilikuwa mashine ya gemu. Hilo halikutoi wewe pale njia panda, nisikudanganye. Linatuweka wote wawili pale.

Unataka niseme ni wewe au si wewe. Sijui, Begayim. Daktari kasema huenda, na mimi sina neno kubwa kuliko la daktari. Nikikuambia hapana leo, utajua nimekuambia kama wanavyokuambia wengine. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nimekupa kitu cha kubeba ambacho sina uhakika ni chako. Neno hilo sitalisema kwenye karatasi. Nataka unione usoni ninapolisema, hata kama litakuwa hilihili la sijui.

Babu usimwache na lile jua. Ni mzee, anainua macho kila asubuhi kuliangalia. Mwambie, lakini nisubiri, tumwambie pamoja.

Kapteni amenipa siku kumi. Nitafika Kyzyl-Dobo tarehe 6 Desemba, kwa lori la Mjomba Suyun, kama saa nane mchana. Usije barabarani kunipokea, wala usimtume mtu. Ukae ndani na shangazi, kama ulivyokaa siku ile ya msiba, uso ukutani. Mimi nitashukia chini kabisa kwenye mto na nitapanda kwa miguu nikilia kwa sauti, kama mjukuu anavyotakiwa kumfikia bibi yake, hata kama nimechelewa miezi minne na majirani wote watatoka nje kutazama.

Nitafika mpaka langoni na nitasimama. Shangazi ataitikia, na Babu ataitikia nje na fimbo yake, lakini mimi nitakuwa nasubiri wewe. Sauti iwe ndogo namna yoyote, naijua, nitaisikia. Haki unayo, hata kama yote uliyoandika ni kweli, maana hakuna mwingine aliyemshika kichwa pale darajani.

Usiponiitikia, Begayim, sitaingia.

Kaka yako,
Ermek